Kabichi Kumi Tu

14 Septemba. Mvua tangu asubuhi.

Jibu limekuja. Baba Soyul alilisoma bafuni, akatoka na mswaki mdomoni akiniambia wamemkubali, povu linamdondokea kwenye fulana. Nikamwambia ateme kwanza. Akatema, akarudia: karakana ya meno ya bandia huko Winnipeg, Kanada, inamtaka fundi wa kuchonga, na yeye amewachongea meno watu wa Cheongju, hapa Korea, miaka kumi na sita. Kibali cha kazi ni chake, na mke na mtoto wanaruhusiwa kufuatana naye. Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mwenyewe kwenye simu yake, maana namjua mume wangu, husoma mpaka panapomfaa akaishia hapo hapo.

Hapa mashine zimeingia karakanani kwao, mshahara umeganda, na anarudi nyumbani mtoto keshalala. Soyul ana miaka minane. Juzi mwalimu aliwaambia wachore familia, Soyul akamchora baba yake amelala kwenye kochi amejifunika koti mpaka usoni. Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka.

Nimekata shauri. Tunaondoka, sote watatu, na nitaandika humu mpaka siku hiyo. Baba Soyul anasema mimi hata orodha ya sokoni huisahau nyumbani. Tutaona. Mama mkwe bado hajaambiwa.

17 Septemba. Mvua.

Soyul ameuliza kama mbwa wa Kanada wanaelewa Kikorea.

20 Septemba. Mawingu, upepo mdogo.

Leo Baba Soyul amenitandikia hesabu zake mezani, na humo ndani mimi na mtoto hatumo. Mpango wake ni kutangulia peke yake. Atakodi chumba cha chini kwenye nyumba ya mtu wa kwetu, atapika wali sufuria moja ale siku mbili, atatuma kilichobaki. Sisi tubaki hapa, tuongeze mkataba wa nyumba, tumfuate baada ya miaka miwili, "mambo yakishakaa sawa."

"Tukienda watatu kodi ni mara tatu," alisema. "Chakula, gari, bima, nguo za baridi. Mshahara wangu peke yake hautoshi, Mama Soyul. Nimepiga hesabu, nimerudia."

"Umeitia amana?"

Akaanza kukunja karatasi zake. Nyumba hii hatuilipii kodi ya mwezi. Tulipoingia tulimkabidhi mwenye nyumba fungu moja, won milioni themanini, na tukitoka anaturudishia yote kama ilivyo. Mkataba unaisha mwisho wa Februari. Kwa fungu hilo tunaweza kununua tiketi, kuanza maisha, na kuziba pengo la kila mwezi mpaka na mimi nishike kazi. Bila hilo haendi mtu ila yeye. Tatizo ni kwamba nusu yake ni jaruba la mama yake, shamba la mpunga aliloliuza mwaka tuliooana ili tupate pa kukaa.

"Ile ni pesa ya mama," alisema.

"Alitupa."

"Alitupa tukae. Hakutupa tuondoke nayo."

Neno hilo liliniudhi kuliko hesabu yenyewe, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Akaona nimelegea, akaongeza kwamba miaka miwili si kitu, watu wanafanya, kina baba wangapi wanaishi mbali na wake zao siku hizi mpaka wamepewa jina la bata bukini, kwa vile wanaruka mara moja kwa mwaka kwenda kuona watoto. Nikamwambia mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na bata. Soyul alicheka chumbani kwake, kumbe hajalala.

1 Oktoba. Jua zuri.

Tumetoka Goesan kwa mama mkwe, tulikokula sikukuu ya mavuno. Nimekanda unga wa vitumbua vya mchele mpaka vidole vimekufa ganzi. Nyuma ya nyumba kabichi zimeshafunga, mistari minane imenyooka, na yeye katikati amechuchumaa anaokota viwavi kwa vijiti vya kulia chakula. Ana miaka sabini na mbili na magoti yake yanalia kuliko bawaba.

Baba Soyul alitakiwa kumwambia mchana. Akala, akalala, akaamka, akala. Kwenye gari nikamuuliza, akasema hakupata nafasi.

Mama mkwe hajanifanyia ubaya wowote, niseme haki. Ila hajawahi kuniachia jambo. Ndoa ina miaka kumi na mmoja, na kila mwaka siku ya kutia kimchi, kabichi za chumvi na pilipili tunazokula mwaka mzima, mimi kazi yangu ni kubeba maji na kuosha mabeseni. Pilipili anachanganya yeye. Chumvi anaonja yeye. Wifi Migyeong anaruhusiwa kuonja baada yake, kwa heshima ya kuzaliwa mle ndani.

6 Oktoba. Baridi ya kwanza asubuhi.

Nimeharibu. Niandike kama ilivyokuwa.

Nilikuwa saluni kwangu, nimemfunga mteja rola nusu kichwa, simu ikalia. Mama mkwe. Kila Oktoba hupiga kuuliza swali moja, na kila Oktoba jibu ni lile lile, maana kabichi arobaini zinatufikisha mpaka vuli nyingine.

"Mama Soyul, mwaka huu mnataka ngapi?"

Nami kichwani nilikuwa nahesabu miezi. Desemba, Januari, Februari. Nikajibu kwa furaha kabisa, kama mtu anayetaka kumpunguzia mzee kazi:

"Mwaka huu kumi tu zinatutosha, Mama."

Kimya. Nilisikia jogoo wake akiwika upande wa pili. Wala hakuuliza kama tunaumwa, au kama tumeanza kununua za dukani. Aliuliza:

"Mnaenda wapi?"

Nilikaa kama niliyemwagiwa maji. Mteja ananitazama kwenye kioo. Nikasema, "Kanada, Mama," kwa sababu uongo haukunijia. Akasema, "Haya," akakata simu.

7 Oktoba.

Wifi Migyeong kanipigia kabla sijanawa uso. "Hongera wifi! Kumbe siku hizi habari za ukoo tunazisikia kwenye kabichi!" Nikamwomba radhi. "Usiniombe mimi radhi, mimi nani? Mimi si ndiye nitakayeachiwa mama na magoti yake? Nendeni salama, mtuletee theluji."

Baba Soyul amenuna. Nimemwambia angesema siku ya sikukuu badala ya kulala, kabichi zisingesema kwa niaba yake.

15 Oktoba.

Hakuna neno kutoka Goesan. Nimenyoa watu sita.

21 Oktoba. Jua, majani mekundu kila mahali.

Kikao kimefanyika kwenye mgahawa wa tambi wa wifi, mjini Goesan, baada ya wateja wa mchana kuondoka. Sisi wawili, wifi, na mama mkwe kwenye kona yenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, miguu kainyoosha. Soyul tulimpa penseli akachore.

Baba Soyul akaeleza mpango wake. Atangulie peke yake, mke na mtoto wabaki, kila Jumamosi watamsindikiza Mama hospitalini kwa ajili ya magoti. Aliyapanga vizuri maneno yake, nikaona kweli amejiandaa.

"Hapo sawa," wifi alisema. "Hapo umesema kitu cha mtu mwenye akili. Wifi abaki. Mume anatafuta, mke anatunza. Kwani shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba mimi sijakubali," nikasema.

"Loo! Wifi, kila mtu anafanya hivyo."

"Kila mtu afanye. Mtoto wangu ameshamchora baba yake amelala. Akitangulia huyu, atamchora kwenye simu."

"Na pesa ya jaruba je? Mnataka kubeba shamba la Mama mkalile kwenye barafu?"

Nikamtazama mama mkwe. Nilidhani atasema lolote, hata la kunishushua. Alikuwa anakwangua ukoko wa wali ndani ya sufuria, taratibu, kama hatumo. Mwisho akasema:

"Baba yenu alikaa Kuwait miaka sita, anajenga barabara. Mimi nilikuwa hapa na watoto wawili. Hakufa mtu."

Wifi akapiga kofi mezani. "Umesikia?"

Nimesikia. Nimesikia kwamba yeye aliweza, kwa hiyo na mimi niweze. Nimemwogopa mama huyu miaka kumi na mmoja, na leo kwa mara ya kwanza nimemchukia kidogo. Naliandika hivyo hivyo.

24 Oktoba.

Baba Soyul amekata tiketi. Moja. Tarehe tisa Januari. Amenionyesha kwa sauti ya mtu anayeonyesha matokeo ya kipimo.

Nimempa vidonge vyake vyote, na vingine ambavyo havikuwa vyake. Soyul alijifungia chooni.

28 Oktoba. Upepo mkali.

Nimempigia mwenye nyumba. Nimemwambia hatuongezi mkataba, tunatoka mwisho wa Februari, atayarishe amana yote. Akauliza kama mume wangu anajua. Nikasema mkataba una majina mawili, na moja ni langu. Liwe liwalo.

2 Novemba. Mawingu.

Nimeongea na Mama Jiho, niliyekuwa nakata naye nywele saluni moja. Yuko Winnipeg mwaka wa nne. Kule ilikuwa jioni na nyuma yake dirishani kumeshakuwa kweupe pe kwa theluji.

"Hyerim we, baridi ya huku usipime! Kope zinagandana."

"Achana na kope. Niambie bei."

Akaniambia, na mimi nikaandika nyuma ya kalenda. Nyumba ya vyumba viwili, dola elfu moja na mia nne, na umeme juu. Gari lazima, bila gari wewe ni mfungwa. Bima ya gari inauma kuliko gari. Shule bure. Buti mpya za mtoto kila mwaka, maana mguu haungoji mshahara. Maziwa ghali, nyama sawa, nywele ghali mno.

"Nywele?"

"Kina mama wa kwetu huku wanakatana wenyewe jikoni, wanatoka wamefanana na mabakuli. Njoo na mkasi wako, shoga. Dola ishirini kichwa, na watakupigia foleni."

Nikajumlisha. Kwa mshahara wake tu, tunapungukiwa kila mwezi, Baba Soyul hakudanganya. Nikiongeza vichwa vitano kwa wiki, pengo linabaki dogo, na amana inaliziba zaidi ya miaka miwili. Nikaweka nyama mara moja kwa wiki, nikaondoa safari za kuja kutembea. Hesabu inakaa. Imebana kama kiatu kipya, lakini inakaa.

Kabla hajakata nikamuuliza kuhusu mumewe, maana najua alitangulia mwaka mmoja na nusu. Mama Jiho akapunguza sauti.

"Nilimkuta na kikombe kimoja na sahani moja. Si mlevi, si mhuni, hana mwanamke. Ila mpaka leo anakula amesimama. Namtengea mezani, anachukua bakuli lake anasimama karibu na sinki. Mtoto ananiuliza baba anakwenda wapi."

5 Novemba.

Mwenye nyumba amempigia Baba Soyul kuuliza kama waanze kuleta watu kuangalia nyumba.

"Umeitoa pesa ya mama yangu bila kumwuliza mama yangu!" alinipigia kelele sebuleni, mtu ambaye hana kelele.

"Na wewe ulikata tiketi bila kuniuliza mimi."

"Nafanya kwa ajili yenu!"

"Basi fanya pamoja na sisi."

Amelala sebuleni. Hesabu yangu nimeibandika kwenye mlango wa friji, aione akitaka maji.

7 Novemba.

Hajaibandua. Lakini kwenye mstari wa bima ya gari ameandika kwa penseli, "hapa umesahau kodi." Kweli nimesahau.

11 Novemba. Baridi ya kukata masikio.

Redio ilitangaza kwamba usiku wa leo kutaganda, wiki mbili kabla ya wakati wake. Baba Soyul yuko kazini. Nikafunga saluni, nikapanda basi la Goesan. Sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda kwa sababu kabichi ikiganda shambani inakuwa matambara, na mwanamke wa miaka sabini na mbili hawezi kufunika mistari minane peke yake.

Hakushangaa kuniona. Alinirushia glavu. Tukaanza kufunga kila kabichi kiunoni kwa nyuzi za majani ya mpunga, kisha tukatandaza maturubai, magunia, mapazia ya zamani. Vikaisha na mistari miwili imebaki. Akaingia ndani, akarudi amekumbatia blanketi zito lenye picha ya tausi, limekunjwa, linanuka dawa ya nondo. Nalijua. Marehemu baba mkwe alirudi nalo kutoka Kuwait, na tangu niolewe sijaona mtu amejifunika. Huwa liko kabatini juu, halishikwi.

"Mama, hilo litaharibika."

"Shika upande huo."

Tukalitandaza juu ya kabichi. Tausi akalala kwenye tope. Tulipochuchumaa kuweka mawe pembezoni, akaniuliza bila kunitazama:

"Huko kabichi zipo?"

"Zipo, Mama. Kwenye duka la watu wa kwetu."

"Bei gani?"

"Dola sita kwa moja."

"Wezi," alisema. Baadaye kidogo: "Na figili?"

Nikamwambia figili. Na pilipili ya unga, na uduvi wa chumvi, na mchele. Kila bei aliigunia. Nilidhani ananikebehi, kwamba ananionyesha ujinga wangu mmoja mmoja. Nikamjibu kwa ukavu. Nilirudi na basi la mwisho mikono imepasuka, na hakuniambia asante, ila alinitilia viazi vitamu vya moto kwenye mifuko miwili ya koti.

12 Novemba.

Zimepona zote.

18 Novemba.

Hatugombani tena, tunapishana tu. Tiketi iko kwenye droo ya vijiko. Nikifungua kuchukua kijiko naiona.

25 Novemba. Jua la baridi, hakuna upepo.

Mikono inawasha kwa pilipili lakini lazima niandike leo leo.

Jana tulikata kabichi mia moja na ishirini, tukazipasua, tukazilaza kwenye maji ya chumvi. Leo asubuhi nikaziosha, kama kawaida yangu, nimevaa buti za mpira, maji ya kisima yanauma mpaka mifupani. Baba Soyul anabeba mabeseni. Uani kumetandikwa turubai, na duara la wanawake limeketi: mama mkwe, wifi, na jirani yao Mama Deoksu, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Sufuria la nyama ya nguruwe linachemka pembeni, na Soyul analilinda.

"Mama Soyul!" Mama Deoksu akaniita. "Nasikia mnahamia kwa dubu weupe. Mumeo mwembamba hivi, dubu atashiba kweli?"

"Atamwacha, Mama Deoksu. Atasubiri wageni wanene waje kutembea."

Wote wakacheka, hata wifi, akajikaza haraka.

Mchanganyiko ulikuwa umeshakuwa tayari: figili, vitunguu majani, kitunguu saumu, tangawizi, uduvi, pilipili, mlima mwekundu katikati ya turubai. Mama mkwe akachovya kidole. Tukasubiri aonje. Akakifuta kwenye aproni.

"Mama Soyul, njoo uonje."

Mama Deoksu akasahau kufunga mdomo. Mimi nilidhani anaongea na Soyul. "Wewe," akasema. "Njoo na buti zako."

Nikachuchumaa mbele yake, nikakunja kipande cha jani la kabichi, nikaweka mchanganyiko, nikala. Ningeweza kusema tamu, Mama, tukaendelea. Lakini haikuwa tamu.

"Chumvi haijafika," nikasema.

"Jamani!" wifi akasema.

"Ongeza basi," mama mkwe akaniambia. "Huko nani atakuonjea?"

Nikamimina uduvi, nikachanganya, nikaonja, nikaongeza kidogo tena. Akaonja baada yangu. Akavuta kabichi ya kwanza na kuanza kupaka jani kwa jani. Hapo ndipo Baba Soyul, amesimama na beseni tupu, akaona ni wakati wake wa kusema.

"Mama, si kwamba anakwenda sasa. Mimi natangulia Januari. Wao wanabaki."

"Zile kumi zako zitengwe," mama mkwe akaniambia mimi, kama hakusikia. Kisha akamgeukia. "Unajua mwezi wa kumi mkeo aliniambia nini?"

"Alikosea tu, Mama, hakukusudia..."

"Aliniambia kumi. Ungekuwa unaondoka peke yako angesema thelathini, kwa sababu yeye na mtoto wangekula mpaka vuli. Alisema kumi. Nikajua mnaondoka wote, na nikajua huyu hakubali kuachwa. Nikakaa nangoja nione kama atatetereka. Hakutetereka. Aliyetetereka ni wewe."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema," wifi akaingilia. "Ulisema miaka sita, hakufa mtu."

"Nilisema hakufa mtu. Sikusema tuliishi."

Hakuna aliyepaka kabichi. Mama mkwe akaeleza huku anaangalia mikono yake, nami naandika kama nilivyosikia. Baba mkwe alipoondoka, Taegyun, yaani mume wangu, alikuwa tumboni. Aliporudi mtoto ana miaka sita. Mama mkwe alikuwa jarubani, anapanda mpunga. Mgeni akagonga lango, mwanamume mweusi kwa jua, na sanduku, na blanketi begani. Taegyun akachungulia, akamwambia, "Mama hayupo, rudi kesho," akafunga. Na yule mtu hakusukuma mlango. Alikaa nje juu ya sanduku lake mchana kutwa mpaka mkewe aliporudi kutoka shambani.

"Akawa hivyo mpaka anakufa," mama mkwe alisema. "Mtu mzuri. Lakini kila chumba aliingia kama anaomba ruhusa. Wewe ulikuwa unamwamkia kama unavyomwamkia balozi wa mtaa. Unadhani mimi blanketi lile nilikuwa nalitunza? Nilikuwa siwezi kuliangalia."

Baba Soyul aliweka beseni chini. "Sikumbuki," alisema. "Mama, mimi sikumbuki hata kidogo."

"Mimi nakumbuka," wifi akasema polepole. Alikuwa na miaka kumi wakati huo. "Mimi nilijificha chooni. Nilijua ni Baba, nilimjua kwa picha, na bado nilijificha." Akavuta pua, akasema ni pilipili.

"Na jaruba," mama mkwe akaendelea, "mnaligombania jaruba. Lilinunuliwa kwa miaka ile sita. Mimi na baba yenu tulitengana tukapata shamba. Sasa shamba limekuwa pesa, na pesa inaweza kuwafanya watu watatu wasitengane, halafu mniambie tuiache kwa mwenye nyumba? Ichukueni. Migyeong, mama yako ana magoti mabovu, hana akili mbovu. Gari la hospitali lipo, na wewe uko dakika ishirini."

"Nimesema mimi siwezi?" wifi akajibu. "Nilisema tu niulizwe."

Hapo nikamgeukia nikamwambia, mbele ya wote, kwamba alistahili kuulizwa na hatukumwuliza, wifi nisamehe. Akanirushia jani la kabichi lenye pilipili, likanipata shavuni. Nimelipokea kama msamaha.

Mama mkwe akazipanga kumi zangu kwenye ndoo mbili, akazikandamiza kwa ngumi, akafunika. Akamwita mwanawe.

"Hizi ni za midomo mitatu mpaka mwisho wa Februari. Kabla hazijaisha haondoki mtu. Zikiisha habaki mtu. Hiyo tiketi yako kawarudishie."

"Wanakata faini, Mama."

"Ulipe. Iwe fundisho."

Tukala nyama na kimchi mbichi, Mama Deoksu akitangaza kwa kila anayepita njiani kwamba mwaka huu chumvi imepimwa na mkwe. Nilimtazama mama mkwe akimlisha Soyul kwa mkono, anampulizia pilipili. Nilimchukia mwezi uliopita na niliandika humu. Sitaufuta ule ukurasa, ila nimeona aibu.

26 Novemba.

Baba Soyul amelala chumbani. Asubuhi nimemkuta mbele ya friji na penseli, anapunguza mstari wake wa sigara mpaka sifuri.

9 Januari. Theluji.

Siku ya ile tiketi. Amemfundisha Soyul kuteleza nyuma ya shule. Wamerudi wote wawili magoti yamechubuka.

6 Februari.

Amepatikana wa kuhamia humu. Mwenye nyumba atatoa amana tarehe ishirini na saba. Tiketi tatu zimekatwa, za tarehe mosi Machi. Nimenunua mikasi miwili mipya na jiwe la kunolea.

19 Februari. Theluji inayeyuka.

Mama mkwe amepiga. Hakusalimia, yeye huanza katikati.

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili, Mama."

Nikasikia kimya kile kile cha Oktoba, ila leo jogoo hakuwika. Nikadhani simu imekatika.

"Kuleni polepole," alisema.

Nikasema tu "Ndiyo, Mama," akakata. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia mpaka Soyul akaja kuuliza kama nimejikata. Kisha nikanawa uso, nikafungua ndoo, nikatoa moja, nikaikata, nikatenga mabakuli matatu mezani. Baba Soyul akarudi, akavua koti, akakaa.